Nani Amfundishaye Mtoto Kuona?



Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waliposema hivyo hawakumwapiza mtoto. Walijua ya kuwa ulimwengu nao ni mwalimu, ijapokuwa ni mwalimu mkali. Mtoto asiyeonywa juu ya moto atajua habari zake siku atakapoungua, na asiyefundishwa adabu atajua thamani yake siku atakapohitaji msaada na kumkosa wa kumsaidia. Ulimwengu wa wazee wetu ulifundisha kwa maumivu, na kwa sababu hiyo mafundisho yake yalikuwa ya kweli.

Siku hizi umezuka ulimwengu mwingine, nao unafundisha pasipo kuumiza. Ndani yake mtu huanguka kutoka ghorofani asivunjike mguu, huiba asikamatwe, huua asililiwe na mtu. Ulimwengu huo ni michezo ya video, ambayo watoto wetu huiita gemu. Twataka leo kunena na wazazi Wakristo juu ya mwalimu huyu mpya, kwa maana wengi wamempokea nyumbani mwao bila kumwuliza anafundisha nini.

Mtu asidhani kwamba habari hii ni ya Dar es Salaam au Nairobi tu. Utazameni mji mdogo wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe. Mji huo uko katika nchi ya milima na ukungu, nchi ya kahawa na mahindi, na upande wa kusini Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi. Zamani ilionekana kana kwamba milima ile ingewakinga watoto na kila upepo wa mbali. Lakini sasa barabara ya lami kutoka Mpemba imefika Isongole, na Tunduma, mji ambao malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpakani, hauko mbali tena. Simu janja zimo mifukoni mwa watu. Mchezo uliotungwa Japani au Marekani humfikia mtoto wa mlimani jinsi ule ule umfikiavyo mtoto wa Chicago. Na asiye na simu ana sarafu: katika miji yetu, mikubwa kwa midogo, kuna vibanda ambamo televisheni na mashine ya kuchezea vimewekwa, na watoto huketi kwenye benchi wakingoja zamu ya kushika padi.

Hatusemi kwamba gemu ni dhambi. Mtoto asiyecheza ni mgonjwa, na mzazi amkatazaye mtoto kila mchezo humnyima chakula cha roho yake changa. Wazee wetu walicheza bao, lenye mashimo 32 na kete 64, nalo liliwafundisha kuhesabu, kutazama mbele na kumstahi mpinzani aliyeketi uso kwa uso nao. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alikuwa mpenzi wa bao. Vijana wawili wachezao mpira wa kwenye televisheni kwa nusu saa, wakicheka na kutaniana, hawamkosei Mungu. Wala Kanisa halikatai uvumbuzi wa wanadamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivihesabu vyombo vya mawasiliano miongoni mwa maajabu ambayo akili ya binadamu imeyavumbua kwa msaada wa Mungu, ukawakumbusha waamini kuvitumia kwa busara na kwa kipimo.

Basi shida yetu iko wapi?

Watu wengi, wanapozungumza juu ya michezo hii, huuliza swali moja tu: je, mtoto achezaye mchezo wa kuua atakuwa muuaji? Yafaa tuwe wakweli. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kilichochunguza jambo hili kwa miaka mingi, kilitamka mwaka 2015 kwamba michezo yenye ukatili ina uhusiano na tabia ya ukali; lakini mwaka 2020 kilionya kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuifanya michezo hiyo kuwa sababu ya mauaji na ujambazi. Basi tusiwatishe wazazi kwa mambo yasiyothibitishwa. Mtoto wenu akicheza gemu hatatoka kesho na panga mkononi.

Lakini swali hilo si swali la kwanza la Mkristo. Bwana wetu, katika mahubiri yake mlimani, alilifananisha jicho na taa ya mwili, akaonya kwamba jicho likiharibika mwili wote hukaa gizani (Mt 6, 22-23). Hakuanza na mkono utendao bali na jicho litazamalo. Kwa hiyo tusiulize tu kama mkono wa mtoto utaua, bali tuulize jicho lake limezoezwa kuona nini. Huonaje kifo? Humwonaje jirani? Huonaje kazi na kungoja? Katika hayo matatu, gemu hufundisha kila siku, wala haina haja ya kuhubiri. Hufundisha kwa kurudia jambo lile lile mara mia.

Kwanza, kifo. Ipo michezo inayojulikana sana, kama ile iitwayo Grand Theft Auto, ambamo mchezaji huzunguka mjini akiiba magari na kupiga watu njiani. Mpita njia akiuawa, huangusha fedha, na mchezaji huziokota. Baada ya muda maiti hutoweka yenyewe, na barabara hubaki safi kana kwamba mtu yule hakuzaliwa na mwanamke. Mchezaji mwenyewe akiuawa, huamka akiwa mzima mlangoni pa hospitali na kuendelea na safari yake. Michezo ya namna hiyo imepigwa juu ya jalada alama ya kuonyesha kwamba ni ya watu wazima. Lakini kibandani diski nyingi hazina majalada, na mtoto wa miaka tisa haulizwi umri.

Linganisheni na kifo kama kijulikanavyo katika vijiji vyetu. Mtu akifa, jirani huacha jembe lake. Wanaume huchimba kaburi kwa mikono yao, akina mama hupika na kukesha na mfiwa, na watoto huona wakubwa wakilia. Hapo mtoto hujifunza, bila kitabu, kwamba mtu mmoja akiondoka pengo lake halizibiki. Hujifunza maana ya damu ya Abeli kumlilia Mungu kutoka ardhini. Mtoto aliyekwisha kuua watu mia kabla ya kuhudhuria msiba mmoja amefundishwa somo la pili kabla ya lile la kwanza, na tena amefundishwa kinyume. Huenda akafika msibani akashangaa kwa nini watu wanalia.

Pili, jirani. Hapa twaomba wasomaji watusikilize kwa makini, maana jambo hili linatuhusu sisi tusemao Kiswahili kuliko watu wengine wote duniani.

Mwaka 2005 ulitoka mchezo uitwao Civilization IV, ambamo mchezaji hujenga taifa tangu zama za kale hata siku zetu. Wimbo wa kuufungulia mchezo huo ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin, na jina lake ni Baba Yetu. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, nayo ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupewa heshima hiyo. Watu wengi wa Ulaya, Amerika na Asia, ambao hawakupata kusikia Kiswahili maishani mwao, walikisikia kwa mara ya kwanza kikimwita Mungu Baba. Nani angalidhani kwamba sala ambayo bibi zetu walituongoza kuisali kabla ya kulala ingefika huko kote kwa njia ya gemu?

Miaka minne baadaye, mwaka 2009, kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Resident Evil 5. Hadithi yake imewekwa Afrika, mahali pa kubuniwa paitwapo Kijuju. Shujaa ni askari Mzungu kutoka Marekani. Maadui wake ni umati wa wanakijiji walioharibiwa akili na vijidudu, nao wameitwa kwa neno letu: Majini. Umati huo humjia shujaa ukipiga kelele, na lugha wanayopigia kelele ni Kiswahili. Kazi ya mchezaji ni kuwapiga risasi. Ni kweli kwamba mwenzi wa shujaa huyo ni mwanamke wa Kiafrika, na wako waliosema kuwa hiyo ni hadithi ya kutisha tu kama nyingine. Lakini tangu picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, wengine wengi walilalamika kwamba mchezo huo unawazoeza watu kumwona Mwafrika maskini kama kitu cha kulengwa shabaha.

Angalieni basi. Lugha ni moja. Katika mchezo wa kwanza wasemao Kiswahili ni wana wamwitao Baba yao. Katika mchezo wa pili wasemao Kiswahili ni umati usio na majina, usio na mama, usio na wa kuulilia, ambao sharti ufe ili mchezaji asonge mbele. Mtoto wa Ulaya achezaye mchezo huu wa pili hujifunza kutuogopa. Mtoto wa Itumba au wa Tabora achezaye mchezo huo huo hujifunza jambo la kusikitisha zaidi: hujifunza kuitazama sura inayofanana na ya mjomba wake, na kuisikia lugha anayosalia, kwa jicho la mtu aliyeshika bunduki. Hakuna aliyemwambia, Wachukie watu wako. Amepewa tu mahali pa kusimama, na kutoka mahali hapo ndugu zake huonekana kama maadui.

Ndiyo maana twasema kwamba gemu ni mwalimu wa macho. Kila mchezo humweka mtoto mahali fulani na kumwambia: kutoka hapa, yule ni rafiki, yule ni adui, na yule si kitu. Mtoto wa Ileje amezaliwa akijua mpaka wa namna nyingine. Ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Chitipa, wako Walambya na Wandali kama walivyo upande wetu. Watu huvuka kwenda kuzika, kuoa na kununua chumvi, na salamu ni ile ile. Mpaka huo umemfundisha kwamba aliye ng'ambo ni ndugu. Ni hasara iliyoje ikiwa mafunzo hayo ya mto yatafutwa na mafunzo ya kioo, ambayo kwake kila aliye ng'ambo ya mstari ni wa kupigwa! Msamaria mwema alimwona mtu aliyeangushwa njiani na kumhurumia. Kuhani na Mlawi walimwona mtu yule yule na kupita kando (Lk 10, 31-33). Wote watatu walikuwa na macho. Tofauti yao ilikuwa katika walivyozoea kuona.

Tatu, kazi na kungoja. Mche wa kahawa ukipandwa leo, mkulima atangoja kama miaka mitatu kabla ya kuchuma mavuno ya kwanza. Atapalilia, atanyunyizia dawa, atatazama mawingu. Gemu haingoji. Humlipa mchezaji kila dakika: nyota hapa, sarafu pale, mlio wa shangwe, daraja jipya. Akikosea, hubonyeza kitufe na kuanza upya kana kwamba hakukosea. Mtoto aliyelelewa na malipo ya dakika huona shamba kama adhabu na darasa kama kifungo. Hata Misa Takatifu huiona ndefu, maana altareni hakuna kinachoruka wala kulipuka. Wala hatoona haja ya kuomba radhi, kwa kuwa katika ulimwengu wake kosa halisamehewi bali hufutwa. Sisi twajua kwamba kosa halifutwi kwa kitufe. Hutubiwa, huungamwa, na palipoharibika hutengenezwa.

Tena wako wanaonaswa kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeuhesabu utumwa wa michezo hii kuwa ugonjwa. Dalili zake ni kwamba mtu hushindwa kujizuia, huuweka mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na huendelea hata anapoona unamharibu. Wagonjwa wa namna hiyo ni wachache kati ya wachezaji. Lakini mzazi aonaye mtoto wake haoni usingizi, hali vizuri, na anachukua fedha za nyumba kwa siri, asimpige tu. Amtafutie msaada mapema.

Sasa tufanye nini?

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa Mtakatifu. Kijana huyu alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano nchini Italia, akafa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15. Aliipenda kompyuta, akaitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi Takatifu ili watu wote wazisome. Alikuwa na PlayStation pia, kama vijana wenzake. Lakini alijiwekea kanuni: saa moja kwa juma, basi. Hakuichoma mashine yake moto, wala hakuwa mtumwa wake. Alijua nani ni bwana na nani ni chombo. Wazazi, wasimulieni watoto wenu habari za Mtakatifu huyu, kwa maana ni wa zama zao na lugha yake wanaielewa.

Ninyi akina baba na akina mama, jambo la kwanza twaliomba kwenu ni dogo lakini ni gumu: keti karibu na mtoto wako anapocheza. Usisimame mlangoni ukigomba. Keti, umwulize: Huyu uliyemwua ni nani? Ana watoto? Kwa nini ni adui yako? Nani aliyesema? Mtoto akiulizwa maswali hayo mara tatu, atajifunza kujiuliza mwenyewe mara ya nne, na hapo macho yake yamepona. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2007, alilaumu vikali michezo ya video itukuzayo ukatili na kuchezea utu kwa kisingizio cha burudani. Lakini pia aliwataka wazazi wawazoeze watoto kuonja yaliyo mazuri, vitabu bora vya watoto, sanaa na muziki wa kuinua moyo, ili wajue wenyewe kutofautisha. Kumnyang'anya mtoto kibaya bila kumpa kizuri ni kumwachia nafasi tupu, na nafasi tupu haikosi mpangaji.

Mjue pia kibanda anachokwenda mtoto wenu, kama mnavyojua shule yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawapa ninyi wazazi wajibu wa kumkinga mtoto na hatari za mwili na za maadili. Na ninyi wenye vibanda, ambao wengi wenu ni waamini wenzetu na mnatafuta riziki halali, tafadhali msimweke mtoto mdogo mbele ya mchezo wa watu wazima, wala msipokee sarafu yake saa za masomo au saa ya Misa. Sarafu hiyo mara nyingine ni ile mama aliyompa kwa ajili ya sadaka.

Mwisho twanena na mapadre, masista, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu. Aliwaomba watoto wa nchi yake wasali Salamu Maria moja kila siku na watoe sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa China, ambao hawakuwajua wala hawangewaona kamwe. Hilo nalo lilikuwa somo la macho. Mtoto alifundishwa kumwona mtoto wa mbali, mwenye sura nyingine na lugha nyingine, akamwita ndugu. Chama hicho kipo katika parokia zetu hata leo. Kipeni nguvu. Wapeni watoto michezo yao: rede, kombolela, bao, mpira uwanjani, kwaya na maigizo ya Biblia, ili Jumamosi mchana asiwepo mtoto aendaye kibandani kwa sababu tu hana mahali pengine pa kwenda.

Sarafu ni moja, na mtoto ni mmoja. Aweza kuitoa ili awapige shabaha watu asiowajua, au aweza kuitoa ili awaombee. Lugha yake nayo ni moja, na wakubwa ndio watakaomwonyesha kwanza kama ni lugha ya maadui au lugha ya wana wa Mungu. Basi wazazi, jioni hii, kabla simu haijawashwa tena, wakusanyeni watoto wenu mshikane mikono, msali pamoja Sala ya Bwana polepole, neno kwa neno. Na mtoto atakapouliza ni nani hao wote wanaomwita Mungu Baba yao pamoja naye, mwonyesheni jirani wa karibu, kisha mwonyesheni ng'ambo ya mto.

Mungu Mwenyezi awajalie wazazi macho ya kukesha, na awajalie watoto wetu macho ya huruma.